Mbegu za Pilipili Tumboni mwa Patin

Jumanne, 1 Machi 1983

Wote wanaisimulia vibaya! Ndiyo maana nimetoa kalamu. Mimi sikumtukana Som. Nilimtukana samaki wake. Kuna tofauti, na mwenye masikio angeisikia.

Jusoh, binamu yangu mwenye mgahawa wa kahawa pale gatini, anasema niligonga meza. Uongo. Meza yake ile ukiigonga inakufa. Imamu anasema niliapa. Sikuapa. Wengine eti nilipanda juu ya benchi, mkono kiunoni. Kwa goti hili?

Shule sikuingia. Herufi hizi nilizichuma mwenyewe kwenye magunia ya mchele. Lakini kusimulia najua, kwa hiyo ukweli ni huu.

Jana asubuhi tumekaa mgahawani. Mto Pahang umekauka mpaka mchanga wa katikati umeota majani. Kazi hamna, midomo tu. Cik Sabariah yupo, Cik ni la heshima kwa binti, huyu wa chuo kikuu anayelala kwa imamu. Kazi yake kupasua matumbo ya samaki aone wamekula nini. Alikuja wakati wa mafuriko, karudi sasa maji yakiwa chini. Anataka patin na anataka juara. Anasema hawa ni ndugu wa damu kabisa, ukoo wa kambare, sharubu zilezile, mto mmoja — sasa anataka kujua kama wanakula sahani moja au kila mtu na yake.

Nikacheka. Nikamwambia, binti, hao ni ndugu kama mimi na Jusoh: babu mmoja, adabu mbalimbali. Patin ni muungwana. Anakula matunda tu. Anakaa chini ya mkuyu, kuyu likianguka analipokea kwa mkono wa kulia. Juara yeye? Juara anakaa chini ya vyoo vyetu vya kuelea, katazama juu, mdomo wazi, kama wateja wa Jusoh wanavyosubiri chai.

Watu walicheka! Hata imamu alificha meno kwa shuka.

Som alikuwa mlangoni na beseni lake la keki za mchele. Huyu ni mjane, anakaa nyumba za kuelea kule chini ya kijiji, na watu wa kule ndio wala juara. Hakucheka. Akasema, tena kwa upole, "Abang Ngah, si wapasuliwe basi, wako na wangu, tuone?" Abang ni kaka, kila mwanamume mzima anaitwa hivyo; Ngah ni mtoto wa kati, ndiye mimi, na wengine wananiita Pak Ngah, Pak ni baba. Hamna kingine ndani yake. Nimeshachunguza.

Hapo ndipo wanapoharibu. Nilisema hivi, na maneno ni haya haya: tumboni mwa patin wangu mkikuta kitu kisicho tunda, nitakwenda nyumbani kwa Som mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama, nile juara wake na sahani niirambe.

Hakuna aliyeuliza nikishinda napata nini. Naandika humu, maana hamna asomaye: nikishinda namwomba Som nimuoe. Mke wangu alishatangulia, mumewe naye vilevile. Mie nina nyumba nzuri ya nguzo, yeye ana mkono wa kupika. Nilidhani nikishinda nitapata mdomo wa kulisema. Mdomo ninao kwa kila kitu, ila kwa hilo sina.

Jumatano, 2 Machi

Mto haukuongezeka. Nimeutazama.

Jusoh kasema Jumamosi ndiyo siku ya kupasua, pale gatini. Kashaanza kupanga viti.

Alhamisi, 3 Machi

Nimevua.

Kwanza niseme, hakuna mtu Pahang nzima anayejua kuangusha tunda kama mimi. Si kulitupa. Kuliangusha! Unafunga chambo kwenye ndoana, unakiachia kigonge maji mara moja — tup — kama kuyu bivu lililochoka na tawi. Wengine wakifanya kinalia kama jiwe. Mwaka ule wa mafuriko makubwa nilifanya tup moja, nyani akashuka mtini kuja kuona nani kaangusha tunda lake. Akanitazama. Nikamwonyesha ndoana. Akapanda kimya, mtu na heshima zake.

Leo tup, tup, tup — hamna. Mikuyu haina kitu. Majani yenyewe makavu. Hata nyani hayupo. Nikatumia mbegu za mpira kwa chambo. Samaki wote, patin na juara na vitu vingine visivyo na jina, wamejibana kwenye shimo lenye kina pale mbele ya gati, maana kwingine maji ni ya magotini. Na mbele ya gati ndiko viliko vyoo vyetu. Lakini ni bahati tu, hamna uhusiano.

Nimepata patin watano wazuri. Juara walikuwa wanapanda na ndoana hiyohiyo, mahali hapohapo. Nimewarudisha kwa matusi.

Narudi, nikampita Som mdomoni mwa kijito. Ana matundu yake ya mianzi pale, yamezama nusu kwenye maji masafi. Juara akivuliwa hapikwi. Anafungwa tunduni siku tatu, anakula pumba za mchele tu, mpaka tumbo lisafike, ndipo analiwa. Watu wa nyumba za kuelea hawaruki hilo. Patin sisi hatufungi. Patin ana wudhu wake tayari.

Nikamwambia, "Som, wafungwa hawajambo?"

"Hawajambo, Abang. Wamekusalimia. Wanasema waliwahi kukuona kwa chini."

Akaendelea kumwaga pumba. Nimepiga makasia hadi nyumbani sina jibu. Mimi! Sina jibu! Jibu nililipata nikiwa nakula, lakini Som angekuwa kashalala.

Ijumaa, 4 Machi

Nimemweka patin mmoja kwenye pipa nyumbani, nikampa pera. La kununua, jekundu ndani. Nikaliangusha vizuri: tup. Akalinusa. Akaligeuza. Akalitema kama imamu aliyepewa chai ya chumvi.

Nikamkatia vipande. Akavitema vipande.

Nikamwambia, we kesho unanitetea wewe. Akanigeuzia mkia.

Baada ya sala imamu alinishika kiwiko. "Deris, samaki wako ni salama?" Nikamjibu salama kuliko hotuba yako ya leo. Hakucheka. Akasema, "Karamu zote za kijiji hiki, harusi, maulidi, arobaini za watoto, tumekula patin bila kumfunga tunduni. Kwa neno lako wewe."

Si kwa neno langu tu. Neno lilikuwepo. Mimi nilikuwa nalisema vizuri kuliko wengine.

Jumamosi, 5 Machi

Naandika polepole ili iwe sawa, maana kesho kutakuwa na hadithi ishirini.

Gatini palijaa. Watu wa juu, sisi wa nyumba za nguzo, upande huu, wa nyumba za kuelea upande ule, na mitumbwi mingine imesimama majini. Jusoh alikuwa anauza kahawa kama siku ya Iddi. Cik Sabariah kaweka meza, sinia jeupe, visu vidogo, chupa, na kioo cha kukuzia. Amevaa glavu. Som amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, beseni magotini. Mie nimevaa shati la ushindi.

Wakaanza na juara, wa Som, wabichi kutoka mtoni, hawajaingia tunduni. Akapasua. Konokono wa mtoni. Uduvi. Mbegu za mpira. Na lile jambo. Akalitaja kwa jina la kitabuni, jina refu safi, lakini upepo haukuwa umesoma kitabu. Watu walirudi nyuma. Nikasema kwa sauti, "Mashahidi mmeona?"

Akaja patin wangu.

Kwanza mbegu za mpira. Nikasema hizo tunda! Sabariah akasema, "Hizi ni chambo chako Pak Ngah, sizihesabu kokote." Sawa.

Kisha konokono. Mmoja, wawili, wengi. Nikasema huyo konokono alikuwa kakaa juu ya tunda, kamezwa kwa bahati mbaya. Watu wakacheka, upande wangu bado.

Kisha uduvi. Nikasema uduvi alimfuata konokono, walikuwa wageni wake. Wakacheka pande zote mbili. Hapo nikaona mambo yanageuka. Mtu akicheka upande usio wako, jiangalie.

Kisha Sabariah akasogeza sinia karibu. Akachukua kioo. Akatoa vitu vidogo, bapa, vya njano, akavipanga kwenye sinia kwa ncha ya kisu. Vingi.

Imamu akainama. "Nini hivi?"

"Mbegu," akasema Sabariah. "Mbegu za pilipili."

Mto huu wote hauna mpilipili hata mmoja ukingoni. Pilipili ziko wapi? Ziko kwenye mchuzi. Mchuzi uko wapi? Basi.

Jusoh ndiye aliyetangulia: "Labda patin anapenda vitu vikali."

Mie nikasimama. Nikasema, "Pilipili ni tunda! Muulizeni binti! Pilipili siyo tunda?"

"Ni tunda," akasema Sabariah. Mkweli yule, sina ugomvi naye.

Imamu akaniangalia kwa huruma. "Tunda, Deris. Lakini limepitia kwa nani?"

Sitaandika kelele zilizofuata. Mwanamume mmoja mzima alianguka majini kwa kucheka na hakuna aliyemtoa.

Patin wote wanne niliopeleka, hadithi ileile; yule wa pipani nilimwacha nyumbani kwa kosa la pera. Sabariah alieleza, na ingawa sikutaka kusikia nilisikia. Alisema alipokuja wakati wa mafuriko, maji yameingia msituni, patin alikuwa amejaa makuyu na juara anakula hiki na hiki. Kila mmoja na lake. Sasa mto umewabana shimo moja na chakula ni kimoja, ndugu wote wanakula kilichopo. "Mvua zikirudi watatengana tena, Pak Ngah. Hukukosea kabisa. Ulikosea msimu."

Watu walipotawanyika Som alibeba beseni lake akapita karibu yangu. Akasimama. Akasema taratibu, hamna mwingine aliyesikia, "Abang Ngah, njoo Ijumaa baada ya sala. Nitapika."

Wao wanasema alipita bila kusema neno. Walikuwa mbali. Mimi nilikuwa karibu.

Jumapili, 6 Machi

Hadithi zimefika mjini Temerloh. Huko eti tumboni mlikutwa sahani. Nzima, ina maua.

Imamu katoa neno: kuanzia leo patin naye anafungwa tunduni siku tatu, sawa na juara. Karamu za nyuma, kasema, Mungu anasamehe asiyejua. Aliposema asiyejua aliniangalia.

Jusoh kafuta patin kwenye ubao wake wa vyakula. Badala yake kaandika mayai.

Jumatatu, 7 Machi

Matundu hakuna anayejua kuyasuka isipokuwa watu wa nyumba za kuelea. Kijito kimejaa mitumbwi ya watu wa juu. Wanaume wenye makoti wamechutama mbele ya Som wanafundishwa kupinda mianzi! Yeye anawaambia, "Siyo hivyo. Toa. Anza tena." Wanatoa. Wanaanza tena.

Nilipita kwa mbali, nilikuwa na shughuli ya kuangalia mto. Tundu la patin limefungwa ubavuni kwa tundu la juara. Pumba zilezile. Ukiwatazama kwa juu hivi, migongo tu, huwezi kusema yupi ni yupi. Mimi naweza. Wengine hawawezi.

Jumanne, 8 Machi

Kwa mke wa imamu wanaandaa karamu ya mjukuu, wanamkata nywele. Nimesikia wanawake ngazini wakibishana. Desturi ni hii: wanawake wa nyumba za kuelea wanakuja karamuni, wanamenya vitunguu, wanaosha vyombo, lakini sufuria yao haipandi ngazi. Haijawahi. Kwa sababu ya juara. Sasa mke wa imamu anasema Som aje na sufuria yake. Mwingine anasema haraka ya nini. Mwingine anasema kwani sisi tumekuwa tukila nini miaka yote hii, we mama, hebu niambie.

Wakaniona. Mmoja akasema, "Pak Ngah, unatafuta pilipili?"

Jibu nililipata hapohapo safari hii. Lakini kulikuwa na watoto.

Jumatano, 9 Machi

Jusoh: "Deni lako la Som unalipa lini?"

"Ijumaa. Kanialika."

"Som? Kakualika?"

"Kanialika mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Mbona mie hajaniambia?"

"We nani, sufuria?"

Akafuta meza, akafuta tena. Jusoh akifuta mara mbili ana neno. Akasema, "Pak Ngah, mie ni ndugu yako. Nilikuwa nimesimama pale na birika, hatua moja nyuma yako. Som alipita akaenda."

Nikamwambia masikio yake yamejaa mvuke wa kahawa. Akasema haya. Sikupenda alivyosema haya. Alisema kama watu wanavyomwambia mgonjwa.

Alhamisi, 10 Machi

Nimepiga pasi shati. Kofia ya mahameli nimeipiga brashi. Nywele za puani nimekata, moja imebaki, imenishinda.

Nimefanya mazoezi ya maneno. Nimeyasema mbele ya pipa. Patin yule bado yumo, nimeanza kumpa pumba, anakula bila maringo yoyote. Nikamwambia: Som, mie nimekuja kulipa deni, na nikimaliza kulipa nina neno. Hapo nikakwama. Neno lenyewe halitoki. Nilipokuwa kijana nilimwambia mamba aondoke njiani na akaondoka. Hilo limeshuhudiwa.

Nikishindwa kusema kesho sitasema tena. Jusoh anasema kuna fundi bomba wa Temerloh, mjane pia, kaja mara mbili kwa Som kufundishwa kusuka tundu. Kwani huko Temerloh hakuna mianzi?

Ijumaa, 11 Machi

Niko hapa. Naandika niko hapahapa, kwenye gogo la mbele la nyumba ya Som, miguu inakaribia maji. Nimetoa daftari nionekane nina shughuli.

Ukingo mzima umejaa watu. Jusoh kaleta birika na vikombe. Cik Sabariah yupo, kaacha chupa zake, anakula karanga. Imamu yupo, kajificha nyuma ya mti, mti mwembamba, yeye mnene.

Nilivyofika ndivyo hivi. Nimetoka msikitini, nimeshuka, nimevuka ubao nisianguke. Nikatoa salamu. Dirisha likafunguka. Som, ushungi wa nyumbani, mkono una unga wa manjano. Akanitazama mimi, akawatazama wale kule juu, akanitazama tena.

"Abang Ngah. Kuna nini?"

Nikasema kwa sauti ya kufika ukingoni, "Nimekuja kula juara!"

Walishangilia. Som akangoja wamalize. Kisha akasema kidogo tu, ya kunifikia mimi:

"Nani kakuita?"

Kila jibu nililowahi kulipata nikiwa nakula, nikiwa nalala, nikiwa chooni, lilikimbia. Nikasema, "Hakuna."

Akashika ubao wa dirisha. Nikafikiri anafunga dirisha. Nikasema tena, sijui nani alisema, mdomo wangu huu: "Mie ningekuja hata kama ningeshinda."

Alinitazama kama anavyotazama tundu alilosuka mtu mwingine, anatafuta palipolegea. Akasema, "Miaka yote hiyo unanitania samaki, Abang, hujawahi hata kuuliza anapikwaje."

"Anapikwaje?"

"Kwa doriani lililochacha. Pilipili nyingi." Akakung'uta unga mkononi. "Zangu hazijapitia kwa mtu."

Dirisha likafungwa. Halikubamizwa. Lakini limefungwa.

Hajasema nikae. Hajasema niondoke. Nimekaa.

Ukingoni wanapiga kelele, "Pak Ngah, anasemaje?" Nimewapungia mkono kama mtu aliyeambiwa jambo zuri.

Sasa ndani kuna kinu. Anatwanga. Harufu ya doriani imeanza kutoka kwenye nyufa za mbao. Huyu ana watoto wawili, wote wako mjini, kwa hiyo hapa anakula mwenyewe. Mtu mmoja anatwanga pilipili kiasi gani? Nimesikiliza. Anatwanga bado.

Kinu kimenyamaza. Sahani sasa. Nasikia zinagongana kabatini na Jusoh, mpuuzi, kaanza kuimba ukingoni, siwezi kusikia kama katoa moja au mbili.

Naandika haraka kabla mlango haujafunguka, kama utafunguka. Lile la Jumamosi, la "njoo Ijumaa, nitapika" — Som hakulisema. Alipita na beseni lake akaenda zake, kama wanavyosimulia wote. Lile nililitia mimi.